Hapa Weka Sifa

Wazazi wake walimpa jina zuri, lakini jina hilo lilikwisha kazi zamani. Mtaa mzima ulimwita Mama Toleo, kwa sababu popote ulipokutana naye, iwe kliniki, iwe msibani, iwe kwenye foleni ya maji, alikuwa anahangaikia toleo. Toleo limechelewa. Toleo limetoka. Toleo limebakiza nafasi moja ya tangazo ukurasa wa nyuma, na wewe, ndugu yangu, biashara yako inakufa kwa kukosa kujulikana. Watu walimpenda kweli, na walipomwona kwa mbali walivuka barabara.

Jarida lake liliitwa Kizingiti. Lilitoka kila mwezi kwa miaka kumi bila kuruka hata mwezi mmoja, jambo ambalo hata gari la taka halijawahi kuliweza. Lilianza kama karatasi moja, mbele na nyuma, aliyoitoa kopi kwenye duka la vifaa vya ofisi alikokuwa karani. Aliandika mwenyewe kila neno: siku gani maji yatakatika, fundi viatu yupi akisema kesho ni kesho kweli, nani kapotelewa na mbuzi, na kwa nini taa ya njia panda imezimika mwaka wa pili ilhali mwenyekiti wa mtaa anasema ni mpya. Karatasi ile ilisomwa mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Vinyozi waliigombania. Mwenyekiti alimfuata hadi dukani kumuuliza kama yeye ni mwandishi au ni adui, na Mama Toleo alitembea na furaha hiyo wiki nzima.

Kisha akaenda semina ya siku tatu ya wanawake wajasiriamali. Alikwenda na daftari jipya, akarudi na maneno mapya. Kumbe wasomaji hawakuwa wasomaji, walikuwa wadau. Kumbe mtaa haukuwa mtaa, ulikuwa jamii, na jamii haikai tu hivi hivi, inajengwa, na mwenye kuijenga lazima awe na chapa, na chapa lazima ipendwe. Taa iliyozimika haipendwi na mtu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuhudhuria semina. Mwezi uliofuata habari ya taa iliondolewa, na mahali pake pakaingia picha ya mwenyekiti akipanda mti.

Tangu hapo jarida likanenepa. Likapata karatasi ya kung'aa, likapata rangi, likapata jalada, na kurasa mbili za katikati zikapewa jina la Makala ya Heshima. Mtu alilipia, akapigwa picha mbele ya biashara yake, akaandikwa. Katika picha lazima akunje mikono kifuani, kwa sababu semina ilisema hivyo ndivyo wanavyosimama watu waliofanikiwa. Mwenye duka la dawa, mwenye saluni, mwenye chekechea, mwenye gereji, wote walitokea mikono kifuani, toleo baada ya toleo, kama wafanyakazi waliogoma.

Makala zenyewe aliziandika mdogo wake, ambaye kwenye kadi yake alikuwa Mkuu wa Masoko na Jamii, na jamii hiyo aliipiga picha usiku na mchana kwa simu mbili. Kazi ya kupanga kurasa ilikuwa ya mtu wa makamo aliyeitwa Fundi Kurasa, mpole, mwenye vidude vya muziki masikioni tangu asubuhi. Fundi Kurasa hakuwahi kusoma neno alilolipanga. Kwake maandishi yalikuwa mistari ya kijivu inayotakiwa kujaa pale ilipoambiwa ijae. Na kwa kuwa makala za mdogo mtu zilichelewa kila mwezi, miaka sita iliyopita alimwomba bosi wake ampe maneno yoyote ya kushikia nafasi, kiunzi tu, ili mradi yawe marefu kiasi. Mama Toleo siku hiyo jino lilikuwa linamuuma. Alikaa kwenye kompyuta, akaandika kiunzi kwa dakika kumi bila kuinua kichwa, akaenda kung'oa jino. Hakukifikiria tena.

Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuandika, na kusoma alikuwa ameacha pia. Muda ulikuwa wapi? Alikuwa na kikundi cha wasomaji cha kuendesha, ambacho kilikutana kila mwezi kupanga mkutano wa mwezi ujao. Alikuwa na tuzo za kutoa. Alikuwa na wadau wa kuwapigia simu. Ukimuuliza kama toleo jipya ni zuri, alikujibu kwamba mpishi hushiba kwa harufu.

Mwaka huu, lakini, harufu ilikuwa mbaya. Karatasi imepanda bei. Wenye matangazo wamegundua kwamba kwenye simu mtu anaweza kukunja mikono kifuani bure. Kiwanda cha uchapaji kimesema, kwa barua yenye mhuri, kwamba pasipo mfadhili wa kueleweka hakitachapa toleo lijalo. Na mume wake alikuwa ameanza kumuuliza, kwa upole unaoudhi, kama hajawahi kufikiria kufuga kuku.

Tumaini lilibaki moja, na tumaini hilo liliuza mabati. Mwenye Mabati alikuwa mzee mnene mwenye sauti ndogo na maduka matatu ya mabati, saruji na misumari. Alikubali kuwa mfadhili wa Kizingiti kwa miaka mitatu. Mkataba ulikuwa tayari, kilichobaki ni sahihi yake, na sahihi angeitia kwenye sherehe ya jarida kutimiza miaka kumi, mbele ya watu mia tatu. Kwa heshima hiyo toleo la sherehe lilimpa jalada, na likampa kurasa za katikati. Akisaini, jarida linaishi. Asiposaini, wanafunga. Hapakuwa na njia ya tatu, na Mama Toleo alikuwa hajalala vizuri tangu mwezi uanze.

Jumamosi ya sherehe, saa tatu asubuhi, maboksi yaliletwa ukumbini. Nakala mia tatu ziligawanywa, moja juu ya kila kiti cha plastiki. Mama Toleo alichukua moja, akaifungua katikati, akaipeleka puani kama desturi yake ili anuse wino. Alipoishusha, jicho lake likaangukia kwenye maneno.

Katikati ya kurasa zote mbili alisimama Mwenye Mabati, mikono kifuani, nyuma yake mlima wa mabati. Na pembeni, kwa herufi safi zilizopangwa kwa ustadi, paliandikwa hivi:

"Hapa weka jina lake na cheo. Kama hana cheo, mwite mdau. Hapa sema alianza na mtaji mdogo, hata kama alirithi. Hapa weka sifa zake. Ukizikosa, tunga, hatasoma. Hapa sema anaipenda jamii. Usiulize jamii inasemaje. Hapa mtaje mke. Wakiwa wawili, andika 'familia'. Hapa weka shida moja aliyoishinda, isiwe kesi. Hapa mshukuru Mungu, maana msomaji alishalala."

Kisha yalianza upya, hapa weka jina lake na cheo, kwa sababu kurasa mbili ni kubwa na kiunzi kilikuwa kifupi. Kilirudiwa mara nne.

Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, juu ya nakala nyingine.

"Fundi," aliita. "Njoo hapa."

Fundi Kurasa alikuwa juu ya ngazi akifunga bango. Alishuka, akatoa kidude kimoja sikioni.

"Hiki ni nini?"

Akatazama. "Ukurasa wa kumi na mbili na wa kumi na tatu."

"Soma."

Fundi akainama, midomo ikatembea taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anasoma, na Mama Toleo aliona uso wa mtu ukibadilika kuanzia kwenye paji kushuka chini.

"Mama, hiki ni kiunzi."

"Najua ni kiunzi, nilikiandika mwenyewe. Makala iko wapi?"

Mdogo wake aliitwa, akaja na simu zote mbili. Ilichukua dakika tano kuelewa. Makala aliituma, ndiyo, tena mapema, ikiwa na jina la Mwisho. Baadaye akaongeza sentensi, akaituma tena kwa jina la Mwisho Kabisa. Naye Fundi, kwenye kompyuta yake, alikuwa na kurasa zenye kiunzi alizokwisha kuzihifadhi kwa jina la Mwisho Kabisa. Kompyuta ilimuuliza abakize ipi, naye wimbo ukiwa umefika pazuri, akabonyeza tu.

"Lakini picha imetoka vizuri, dada," mdogo mtu alisema. "Angalia mabati yalivyong'aa."

Mama Toleo alimtazama kwa namna ambayo mdogo mtu alirudi nyuma hatua moja.

"Kusanyeni zote," alisema. "Rudisheni kwenye maboksi. Tutasema kiwanda kimechelewesha."

"Sherehe ya jarida bila jarida?" mdogo wake akauliza.

"Unataka nimpe mzee wa watu asome kwamba akikosa sifa atungiwe?"

Hapo ndipo Fundi Kurasa, kwa ule upole wake, aliposema neno ambalo mwingine angelisema angefukuzwa siku hiyohiyo.

"Mama, samahani. Kwani nani husoma?"

Fundi hakuwa na ubaya, aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Mama Toleo alihisi hasira ikimpanda, na chini ya hasira alihisi kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa nafuu. Nje magari yalianza kuegeshwa. Sauti za viatu vya wanawake zilisikika kwenye ngazi.

"Ziacheni," alisema.

Basi mtu aliyemwomba Mungu kwa miaka kumi kwamba watu wasome jarida lake, siku ile alisimama mlangoni, akivaa tabasamu la kupokelea wageni, akimwomba Mungu yuleyule wasisome. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Wageni wakaingia, wakakaa, wakafungua. Mama Toleo aliwafuata kwa macho mmoja mmoja. Mwenye saluni alipekua haraka hadi kwenye tangazo lake, akaliridhia, akafunga. Mwenyekiti alitafuta picha yake, akaikuta ukurasa wa sita, akamwonyesha jirani yake, ambaye naye alikuwa anatafuta ya kwake. Katibu wa kikundi cha wasomaji alijipepea nalo. Mtoto mmoja alikalia lake ili afike mezani. Kurasa za katikati zilifunguliwa mara nyingi, kwa sababu ndipo jarida linapofunguka lenyewe, na kila aliyefungua aliinamisha kichwa kwa heshima mbele ya mabati, akaendelea mbele.

Mwenye duka la dawa alikuja kumshika mkono. "Mama Toleo, hongera. Makala ya mzee imenigusa sana."

"Imekugusa?"

"Sana. Yule mwandishi wenu ana kalamu."

Mama Toleo angemshukuru akaishia hapo, lakini kuna kitu kilimchokonoa. "Sehemu gani ilikugusa hasa?"

"Yote," alisema mwenye duka la dawa bila kupepesa. "Hasa pale mwanzoni. Na pale mwishoni, mlipomtaja Mungu."

Mwalimu mkuu wa chekechea alisema amejifunza mengi kuhusu uvumilivu. Mke wa mwenyekiti alisema machozi yalimlengalenga. Mtu mmoja kutoka kikundi cha wasomaji alisema atamsomea mwanawe usiku akilala, ili ajue maana ya kujituma. Kila pongezi ilikuwa ushahidi kwamba amenusurika, na kila pongezi ilimchoma. Ilipofika ya kumi na moja, tabasamu lilianza kumuuma mashavu. Miaka kumi, aliwaza. Matoleo mia na ishirini. Nimekuwa nikichapa vipepeo vya kujipepea.

Mshereheshaji alipanda jukwaani, mwanamume mwenye suti ya kung'aa na sauti iliyozoea harusi. Alisalimia, akatania, akataka makofi, akayapata. Kisha akainua Kizingiti juu.

"Ndugu wadau, niruhusuni niwasomee kidogo yaliyoandikwa humu kuhusu mgeni wetu rasmi."

Mama Toleo alishika ukingo wa meza. Mshereheshaji alifungua katikati, akalitandaza jarida mbele ya uso wake kama kioo, akakohoa.

"Ni simba," alisema, macho yakiwa juu ya ukurasa. "Ni nguzo. Ni mti wenye kivuli. Aliyemjua jana hamshangai leo, na anayemwona leo ajiandae kwa kesho."

Ukumbi ulipiga makofi. Ni maneno yaleyale aliyomsomea bwana harusi Jumamosi iliyopita, na mwezi kabla ya hapo marehemu mmoja, isipokuwa kwa marehemu aliondoa ile habari ya kesho.

Mgeni rasmi akaitwa. Mwenye Mabati alipanda taratibu, akishika reli. Alisema anashukuru. Alisema hajui kuongea. Alisema, "Makala nimeisoma," na ukumbi ukapiga makofi, naye akangoja yaishe. Kisha akasema kwamba kabla ya kusaini angependa kuongea na mwenye jarida, dakika mbili tu, pembeni. Mdogo mtu alimfinya dada yake mkono.

"Anaongeza miaka, dada. Nakwambia anaongeza miaka."

Nyuma ya jukwaa palikuwa na chumba cha kuhifadhia viti, chenye dirisha moja na ndoo ya kudekia. Mwenye Mabati alichukua viti viwili kutoka kwenye rundo, akamwekea Mama Toleo kimoja. Akakaa. Akatoa miwani mfukoni mwa koti, akaipangusa, akaivaa. Jarida lilikuwa mkononi mwake, kidole kikiwa kimeingizwa katikati.

"'Hapa sema alianza na mtaji mdogo, hata kama alirithi,'" alisoma, polepole, kidole kikifuata mstari. "Nilirithi. Duka lilikuwa la mjomba."

Akaruka mistari kadhaa.

"'Wakiwa wawili, andika familia.' Nina mmoja. Lakini najua uliyemfikiria." Akashusha kidole. "'Shida moja aliyoishinda, isiwe kesi.' Hii nimeirudia mara tatu asubuhi hii kwenye gari, hapo nje, kwa nakala niliyoletewa kutoka ukumbini. Dereva akaniuliza, mzee, mbona unacheka peke yako."

"Mzee," alisema Mama Toleo, "naomba radhi. Sijui nianzie wapi."

"Ngoja kwanza." Alivua miwani. "Unakumbuka karatasi zako za mwanzo? Zile za kopi?"

"Nakumbuka."

"Uliandika kwamba mizani yangu ya misumari inadanganya."

Hakukumbuka. Alijaribu, akatafuta, hakuona kitu.

"Uliandika. Mistari minne. Hukutaja jina, ukasema tu duka lenye mlango wa kijani, na mlango wa kijani ulikuwa wangu peke yangu. Nilikasirika mwezi mzima. Nilitaka nije nikutukane. Kisha nikanunua mizani nyingine." Sauti yake ndogo ilikuwa imeshuka zaidi. "Tangu siku hiyo nasoma kila toleo. Naanza jalada, namaliza na tangazo la dawa ya mende. Kila mwezi najiambia, labda safari hii ataandika tena kitu cha kumkasirisha mtu. Miaka inakwenda, naona watu wamekunja mikono tu. Hata ufadhili huu, mke wangu aliniuliza, unautaka wa nini. Nikamwambia, yule mama alikuwa na jicho. Labda njaa ndiyo iliyolifumba."

Alilifungua jarida tena, akaliweka juu ya goti.

"Leo nimefungua nikakuta hii. Nikasema, amerudi. Amenitukana mimi, tena siku ya kusaini, mbele ya watu wote. Mtu wa namna hiyo nampa mkono wangu." Akatoa mkataba kwenye koti, ukiwa umekunjwa mara mbili, akautandaza juu ya jarida. Akatoa na kalamu. "Nataka tu unijibu moja. Uliandika makusudi?"

Ukumbini mshereheshaji alikuwa anawafundisha watu aina mpya ya makofi.

Neno lilikuwa ndiyo. Lilishafika kwenye ulimi, limevaa, limechana nywele. Mama Toleo alikuwa amesema ndiyo kubwa kuliko hiyo kwa watu wadogo kuliko huyo. Alikuwa amemwambia mwenye gereji kwamba uso wake unauzika. Alikuwa amemwambia kila mdau kwa miaka kumi kwamba wasomaji elfu mbili wanamsubiri. Ndiyo moja tu, herufi tano, na kiwanda kinawasha mtambo, na hakuna kuku. Alimtazama yule mzee aliyeshika kalamu, na miwani iliyoacha alama mbili puani. Elfu mbili wote wale walikuwa mtu mmoja, na ndiye huyu.

"Hapana," alisema. "Ni kosa. Ni maneno ya kushikia nafasi, yalisahaulika."

Mwenye Mabati alishusha kalamu. "Nani aliyaandika?"

"Mimi. Miaka sita iliyopita. Jino lilikuwa linaniuma."

"Ungeumwa jino kila mwezi." Hakucheka aliposema hivyo. "Na kabla halijaenda kiwandani, hukulisoma?"

"Sikulisoma."

"Na la mwezi uliopita?"

Mama Toleo alitikisa kichwa.

"La mwezi kabla ya hapo?"

Aibu ilimpanda ikamfika masikioni. Angeweza kuvumilia matusi. Yule mzee hakutukana, aliuliza tu kwa ile sauti yake, toleo moja baada ya jingine, na yeye akatikisa kichwa kwa kila moja, mpaka mzee akachoka kuuliza.

"Mama Toleo, mimi nauza mabati," alisema mwishowe. "Kila bati linalotoka dukani kwangu nalipiga kidole nisikie linavyolia. Siwezi kulipia jarida ambalo mwenyewe halisomi."

"Ningesema ndiyo, ungesaini."

"Ningesaini. Tena bila kuvaa miwani."

"Najua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Alifikiri. "Wengine wote nimeshawadanganya," alisema. "Umebaki wewe."

Mwenye Mabati aliinamisha kichwa, kwa muda mrefu kidogo, kama anayemwonea huruma, na huenda alimwonea kweli. Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Aliukunja mkataba, akaurudisha ndani ya koti. Jarida alibaki nalo. Akampa mkono, akatoka kwa mlango wa nyuma, na baada ya muda gari lake lilisikika likiondoka.

Mama Toleo alikaa palepale. Alidhani atalia, hakulia. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa viatu vilivyokuwa vinambana tangu harusini. Kisha akakumbuka kwamba kesho hana kazi, na Fundi hana kazi, na mdogo wake hana kazi, na kile kiwewe kikarudi chote. Aliinuka. Watu walikuwa wanangoja, na kwa vyovyote watu wale walikuwa wageni wake.

Alipotokea jukwaani mshereheshaji alimkabidhi kipaza sauti kwa kuinama. Mdogo wake alisimama mbele kabisa, simu moja juu, nyingine juu zaidi. Mama Toleo alitazama ule ukumbi. Alikuwa na hotuba ya kurasa tatu kwenye mkoba, yenye neno jamii mara ishirini na mbili. Hakuitoa.

"Mzee hajasaini," alisema. "Na amefanya vizuri. Kizingiti limekufa leo. Hili mlilokalia ndilo toleo la mwisho. Asanteni kwa kuja."

Watu wakasubiri ishara. Mshereheshaji, aliyekuwa anatafuta kwenye simu wimbo wa kukatia keki, alisikia sauti imekoma, akainua mikono yote miwili. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwenye duka la dawa alipiga ya nguvu kuliko wote. Mke wa mwenyekiti alijifuta jicho. Kule nyuma mtu alipiga mluzi.

Mama Toleo alisimama katikati ya makofi yale na kipaza sauti mkononi. Katika miaka kumi hakuwahi kushangiliwa namna ile.

Mdogo wake alisogea hadi chini ya jukwaa, akiangalia kioo cha simu na kukunja uso.

"Dada," alinong'ona, "hiyo ya mwisho irudie. Ulifumba macho, picha haikutoka vizuri."

Mama Toleo alimtazama mdogo wake. Akafumbua macho vizuri, akainua kipaza sauti, akairudia yote, neno kwa neno, na safari hii watu walisimama wakipiga makofi.